Jicho la Maabara Lina Kipimo Chake

Tangu Yoshiki Sasai na wenzake wa Kobe, Japani, walipotangaza mwaka 2011 kwamba seli za kiinitete cha panya zimejipanga zenyewe maabarani zikawa na umbo la kikombe cha jicho, limekuwapo tumaini kubwa kwamba upofu utapata dawa. Tumaini hilo si la bure. Lakini tumaini na uthibitisho ni vitu viwili, na ni hatari kuvichanganya.

Je, retina iliyooteshwa maabarani ni retina kweli, au ni sanamu yake tu? Umbo halitoshi kulijibu swali hilo. Karibu kila seli ya mwili hubeba jeni zile zile; kinachotofautisha seli ya jicho na seli ya ini ni jeni zipi zimeamshwa na zipi zimelala. Hapo ndipo pa kupimia. Mwaka 2020 wanasayansi wa Basel, Uswisi, walizisoma seli moja moja za retina za maabara, wakazilinganisha na za retina za watu waliofariki na kutoa viungo vyao. Ilidhihirika kwamba seli za maabara, zikitunzwa majuma mengi, hufanana sana na zile za pembezoni mwa retina ya mtu mzima. Za pembezoni! Ile sehemu ya katikati, ambayo mwalimu huitumia kusahihishia madaftari na ambayo maradhi ya uzeeni huishambulia, ingali mbali. Tena retina hiyo haina mishipa ya damu, na seli zake za kupeleka habari ubongoni hufa nyingi kwa kukosa pa kwenda.

Wapo wanaodai kwamba vipimo vya namna hii vinawachelewesha wagonjwa. Na waulize habari za Florida, Marekani. Huko, wanawake watatu wenye maradhi hayo ya uzeeni walidungwa machoni, kwa malipo, seli zilizotolewa katika mafuta ya miili yao. Macho yote mawili kwa mara moja. Wakapofuka au wakabaki karibu na upofu, kama ilivyochapishwa mwaka 2017. Uthibitisho kwamba seli za mafuta zaweza kufanya kazi ya jicho haukuwapo. Kilichokuwapo ni soko.

Kobe walikwenda mwendo mwingine. Mwaka 2014 kundi la Masayo Takahashi lilimpandikizia mgonjwa mmoja, katika jicho moja, seli zinazoilisha retina. Zilipokaguliwa seli za mgonjwa wa pili zikaonekana na mabadiliko katika jeni, upandikizaji ulisimamishwa.