Pikapu Iliyoinuliwa Mbele: Somo la Sayansi Lililo Nje ya Mlango wa Darasa

Miongoni mwa mada zinazofundishwa kwa unyonge katika shule zetu za msingi ni ile ya nguvu na mashine rahisi. Mwalimu huchora wenzo ubaoni, huandika maneno matatu, yaani egemeo, mzigo na jitihada, wanafunzi hunakili, kengele hulia, na somo huhesabiwa kuwa limefundishwa. Baada ya majuma mawili mtoto anayataja maneno hayo bila kukosea, lakini hawezi kueleza kwa nini baba yake hulalamika kwamba usukani wa gari huwa mwepesi kupita kiasi anapotoka shambani na mikungu ya ndizi. Wakati huohuo, hatua chache tu kutoka shuleni, fundi amelala chini ya gari akitumia wenzo, parafujo na kabari kwa pamoja, na hakuna mwalimu aliyewahi kumpigia hodi.

Maoni yangu katika makala haya ni kwamba mwanachuo anayejiandaa kufundisha Bukoba au Muleba hana budi kuujua mlango wa gereji kama aujuavyo mlango wa maktaba. Ili hoja isielee hewani, nimechagua kazi moja tu inayofanywa katika gereji za sehemu hizi na nyinginezo: kuinua kwa kudumu sehemu ya mbele ya pikapu ili ilingane na ya nyuma. Katika kazi hiyo mna masomo ya kutosha kipindi cha mwezi mzima, tena mna jambo linalogusa uhai wa watoto wetu wenyewe.

Kazi yenyewe ni ipi?

Mtu akiitazama pikapu tupu kwa ubavuni, ataona kwamba nyuma iko juu kidogo kuliko mbele. Hilo si kosa la kiwandani. Waliolisanifu gari walijua kwamba nyuma kutapakiwa mzigo, na mzigo huo utazikandamiza springi mpaka gari likae sawa. Hata hivyo wenye magari wengi hawapendi umbo hilo la kuinamisha kichwa. Wengine wana sababu nzito zaidi: barabara za vijijini wakati wa masika huchimbika makorongo, na bodi ya mbele hugusa udongo. Basi humwendea fundi na kumwomba apandishe mbele kwa sentimeta tano hivi.

Njia anayoitumia fundi hutegemea aina ya springi. Katika pikapu zenye springi za mzunguko mbele, kama vile Toyota Hilux za tangu mwaka 2005, aghalabu huwekwa spesa, yaani kipande kinene cha chuma au plastiki ngumu, juu ya springi na shokapu. Katika zile za zamani zenye fimbo ya chuma inayosokotwa badala ya springi, fundi hukaza bolti ya kurekebishia, na gari hupanda lenyewe. Katika zile zenye springi za bapa zilizopangwa moja juu ya nyingine, huongezwa bapa au hubadilishwa vishikizo vya mwisho vikawa virefu zaidi.

Hapa mwalimu asipite haraka, maana pana fikra potofu ambayo hata watu wazima wanayo. Wengi hudhani kwamba gari lililoinuliwa limepata nguvu ya kubeba zaidi. Sivyo. Spesa haiongezi nguvu ya springi hata chembe. Springi ni ileile, ila imesogezwa mahali pake. Kukaza bolti ya fimbo nako hakuifanyi fimbo iwe ngumu zaidi. Hubadilisha tu kimo ambacho gari huanzia, na hupunguza nafasi ya gurudumu kushuka linapokuta shimo. Aidha, katika gari ambalo ekseli yake ya mbele ni mti mmoja mzima, kuinua springi hakuipandishi ekseli yenyewe. Inayopanda ni bodi. Ekseli itapanda pale tu tairi litakapokuwa kubwa zaidi. Mwanafunzi akilielewa jambo hili dogo, amekwisha kujifunza kutofautisha kinachoonekana na kilichopo, na huo ndio mwanzo wa sayansi.

Fundi mwaminifu hatamkabidhi mwenyewe gari lake mara tu baada ya kukaza nati ya mwisho. Atatazama kama mipira ya breki haikuvutika, na kama maungio ya magurudumu hayakupinda kupita kiasi. Kisha atasema gari lipelekwe kupimwa alaimenti, kwa sababu magurudumu yaliyopandishwa huacha kuelekea pale yalipokuwa yakielekea, na tairi zitalika upande mmoja. Halafu atazishusha taa.

Gari tupu na gari lenye mzigo

Kosa kubwa katika kazi hii ni kulinganisha gari likiwa tupu, hali gari lenyewe halitembei likiwa tupu. Pikapu ya Muleba huteremka kutoka Kamachumu ikiwa na ndizi, hutoka mwaloni ikiwa na dagaa, huenda mnadani ikiwa na magunia ya kahawa, na juu ya hayo yote huketi watu. Mzigo ukipakiwa, nyuma huzama. Gari lililokuwa limelingana asubuhi gereji sasa limeinua pua juu kama ng'ombe anayenusa mvua.

Hesabu ya jambo hili inawezekana kwa mtoto wa darasa la sita. Tuseme umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni sentimeta 300. Mikungu yenye uzito wa kilo 200 imerundikwa mwishoni kabisa mwa bodi, sentimeta 60 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli ya nyuma imekuwa egemeo, na mzigo unavuta upande mmoja wa wenzo. Zidisha 200 kwa 60, ugawe kwa 300: jibu ni 40. Kilo 40 zimeondolewa kwenye magurudumu ya mbele, yaleyale yanayoongoza gari. Ndiyo sababu usukani ukawa mwepesi. Mzigo uleule ukisogezwa mbele ya ekseli ya nyuma, magurudumu ya mbele huongezewa uzito badala ya kupunguziwa. Dereva hakununua chochote. Amepanga tu mzigo wake kwa akili.

Sasa tuzitazame taa. Taa za karibu huelekezwa chini kidogo, takriban sentimeta 1 kwa kila meta 1 ya mwendo wa mwanga. Tukiinua mbele sentimeta 5 juu ya urefu wa sentimeta 300, tumeligeuza gari kwa kiasi cha 1 kwa 60, yaani sentimeta 1 na theluthi mbili kwa kila meta. Kwa hiyo mwanga uliokuwa ukishuka sasa unapanda theluthi mbili za sentimeta kwa kila meta. Kama taa iko kimo cha sentimeta 95, basi katika umbali wa meta 45 mwanga utakuwa umefika sentimeta 125. Hicho ni takriban kimo cha macho ya mtoto wa miaka kumi. Na hapo bado hatujaweka ndizi nyuma.

Nani huwa pembeni mwa barabara ya Bukoba hadi Muleba jua linapozama? Ni wanafunzi wetu wanaotoka kuchota maji, ni mwendesha baiskeli aliyefunga mkungu nyuma, ni mama anayerudi kutoka gulioni Muhutwe. Taa zikiwapofusha, hawaoni mahali pa kukanyaga; na dereva anayekutana na taa za namna hiyo hawaoni wao. Fundi akizishusha taa hizo kwa bisibisi, jambo lisilochukua hata robo saa, hatari hii huondoka. Asipozishusha, hakuna anayemwuliza, kwa sababu hakuna aliyefundishwa kuuliza.

Namna ya kulifundisha somo

Napendekeza hatua tatu.

Kwanza, jaribio darasani kabla ya kwenda popote. Chukua ubao wa urefu wa meta 1 wenye uzito wa kilo 3 hivi. Ning'iniza ncha yake moja kwenye mizani ya kuning'iniza, na uuegemeze juu ya jiwe lililo sentimeta 75 kutoka ncha hiyo. Mizani itaonyesha karibu kilo 1. Sasa weka chupa yenye lita 2 za maji upande wa pili wa jiwe, sentimeta 15 kutoka kwenye jiwe. Mizani itashuka hadi karibu kilo 0.6. Isogeze chupa nyuma zaidi, nayo mizani itashuka zaidi. Waache watoto wabashiri kabla ya kusoma mizani. Kwa jaribio la taa, funga tochi juu ya rula ya sentimeta 30, uielekeze ukutani kutoka umbali wa meta 6, kisha uinue ncha ya mbele nusu sentimeta tu. Alama ya mwanga itapanda sentimeta 10 ukutani. Hakuna maelezo ya mdomo yatakayoshinda ukuta huo.

Pili, ziara ya gereji. Mwalimu aende peke yake kwanza, aongee na fundi, amweleze anachotaka watoto waone, na akubaliane naye siku. Watoto wafike wakiwa vikundi vidogo, wamwamkie fundi kwa heshima kama wamwamkiavyo mwalimu, na kila kikundi kiwe na jambo moja la kupima: kimo cha bodi mbele na nyuma kabla ya kazi, kimo hicho baada ya kazi, umbali kati ya ekseli, na kimo cha taa. Sharti moja lisivunjwe kamwe: hakuna mtoto atakayeingia chini ya gari, wala kusimama karibu na gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini mvungu wa gari ni wa fundi.

Tatu, kurudi darasani na kuandika. Watoto wachore walichokiona, wafanye hesabu kwa vipimo vyao wenyewe, kisha waandike barua fupi kwa dereva wakimshauri namna ya kupanga mzigo. Hapo sayansi, hisabati na Kiswahili zimekutana bila kulazimishwa.

Pingamizi na majibu yake

Wapo watakaosema kwamba mwalimu hajui magari. Ni kweli, wala hatakiwi kuyajua kama fundi. Kazi yake ni kujua swali la kuuliza. Fundi anajua kwamba mzigo wa nyuma huufanya usukani uwe mwepesi. Mwalimu anajua kwamba jambo hilo lina kanuni na kwamba kanuni hiyo hutumika pia kwenye mizani, toroli na mtumbwi. Kila mmoja ana nusu ya somo.

Wengine watasema muda hautoshi kwa sababu ya mitihani. Lakini mtoto aliyepima mwenyewe hahitaji kufundishwa upya mada hiyo mara tatu. Wengine tena wataogopa kwamba watoto watavutiwa na gereji wakaacha shule. Mimi naona kinyume chake. Mtoto huiacha shule anapoona kwamba maarifa yake hayana mahali nje ya ukuta. Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwezi wa Machi 1967, alilalamikia hasa elimu inayomtenga mtoto na jamii yake na kumfanya adhani kwamba maarifa yote ya maana yamo vitabuni au kwa waliosoma. Lalamiko hilo bado linatuhusu kila tunapompita fundi bila kumwuliza neno.

Hitimisho

Watu wa Kagera hawahitaji kuelezwa kwamba uzito ukikaa mahali pasipofaa huua. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyokuwa imetoka Bukoba na kupitia Kemondo ikiwa imejaza watu kupita kiasi, ilipinduka karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakapotea. Kila shule katika mkoa huu ina familia iliyoguswa au iliyosimuliwa. Kitovu cha uzito, ambacho vitabu vyetu hukieleza kwa mstari mmoja, hapa kwetu ni habari ya makaburi.

Kwa hiyo, ndugu mwanachuo, utakapopangiwa shule yako ya kwanza, iwe mjini Bukoba au juu ya vilima vya Muleba, itafute gereji iliyo karibu kabla hujaandika andalio lako la somo la mashine rahisi. Chukua futi ya kupimia, chukua daftari, umwamkie fundi. Kisha wafundishe watoto kupima kimo cha taa. Miongoni mwao yumo dereva wa kesho, yumo fundi wa kesho, na wote bila ubaguzi wataendelea kutembea pembeni mwa barabara ileile usiku.