MSHIKA MBILI, JE, MOJA HUMPONYOKA?

Wahenga walinena kwamba mshika mbili moja humponyoka, nasi husomewa methali hiyo kila tuonekanapo na gitaa mitihani ikikaribia. Wahenga sina ugomvi nao. Ninachopinga ni methali yao kugeuzwa rungu la kumnyamazishia mwanafunzi mwenye vipawa viwili.

Hebu mtazameni Mmarekani John Hartford. Alizaliwa mwaka wa 1937, akalelewa St. Louis, kando ya mto Mississippi. Tangu utotoni alipenda mambo mawili: meli za mvuke na muziki wa nyuzi wa mashambani, ule ambao tawi lake moja huitwa bluegrass. Alipiga banjo (ambayo, tusisahau, asili yake ni Waafrika waliopelekwa utumwani kule), fidla, gitaa na mandolini. Mwaka wa 1967 alitoa wimbo wake "Gentle on My Mind". Glen Campbell naye akauimba, ukavuma kila mahali, na mrabaha ukaanza kumiminika.

Mwingine angekaa kitako ale pesa. Yeye je? Alijifunza mto hadi akapata leseni ya urubani wa meli. (Naam, rubani alikuwa wa majini kabla ya kuwa wa angani!) Akawa anashika usukani wa meli ya Julia Belle Swain. Jukwaani nako alisimama peke yake, akipiga fidla, akiimba na kucheza juu ya kipande cha ubao ili miguu yake iwe ngoma, yote kwa wakati mmoja. Si mchezo, jamani! Albamu yake ya 1976, Mark Twang, yenye nyimbo za mtoni, ikashinda tuzo ya Grammy. Mto ndio uliolisha muziki.

Mtasema eti alikuwa na bahati, wimbo mmoja ulimlipia kila kitu. Kweli, pesa zilimpa nafasi. Lakini pesa hazimfundishi mtu banjo, wala haziongozi meli. Na alipiga karibu mpaka alipofariki mwaka wa 2001.

Basi nauliza: mbona chumba chetu cha muziki hufungwa muhula wote wa tatu, ufunguo ukalala ofisini? Wakuu wetu, tunaomba saa moja tu, Jumamosi, tukishamaliza kufua. Vitabu tutavisoma saa zilizobaki.