KONA YA MWALIMU: Filta iliyobonyea, tuifunge au tuiache?

 

Mwezi huu nawaeleza kosa langu mwenyewe. Mnaijua ile gari ambayo familia nne tulichanga tukainunua, inayopeleka mizigo Mbarara na usiku inabeba wagonjwa. Siku ya kubadilisha oili ilifika. Kaka yangu mkubwa alinunua filta mpya mjini, shilingi 15,000, lakini njiani ikaanguka kutoka kwenye bodaboda. Ikabonyea ubavuni, kidole gumba kinaingia. Akaniuliza, "Mwalimu, wewe umesoma fizikia. Nifunge, nisifunge?" Nikaigeuzageuza, sikuona ufa. Nikajibu, "Funga tu kaka, hilo ni bati la nje."

Fundi wetu akacheka. "Mwalimu, hili siyo kopo la nyanya!" Akatuelewesha hivi.

Kwanza, bati la filta ni jembamba, na injini ikiwaka pampu inasukuma oili ndani yake kwa nguvu. Asubuhi oili ikiwa baridi na nzito, nguvu inazidi. Palipobonyea bati limeshachoka, siku moja linaweza kupasuka. Pili, ndani kuna karatasi ya mikunjo inayokamata uchafu. Ikichanika, uchafu unapita mpaka kwenye injini. Tatu, kama pamebonyea karibu na mdomo wenye mpira, filta haikai sawa, oili inavuja. Na oili ikiisha barabarani, ni dakika chache tu injini inakufa.

Kaka akabisha, "Mbona watu wanaendesha nazo?" Fundi hakukataa. Nyingine zinamaliza kazi yake bila shida, lakini kwa kutazama nje huwezi kujua ni ipi. Basi nikajiuliza: tuokoe 15,000 halafu tupoteze injini ya familia nne? Na ikitokea usiku, mama mjamzito yuko ndani ya gari?

Duka lilikataa kuirudisha, na haki ni yao, sisi ndio tuliiangusha. Tukachanga tena, kila familia 3,750. Iliuma, lakini tulilipa.

Wenye gari, shikeni haya:
- Dukani toa filta kwenye boksi, ichunguze pande zote kabla ya kulipa.
- Hakikisha mpira wa filta ya zamani haukubaki kwenye injini. Mpya upake oili kidogo, kisha kaza filta kwa mkono.
- Washa injini, chungulia chini kama inavuja.
- Jiwe la njiani likibonyeza filta iliyofungwa, angalia uvujaji na uibadilishe mapema.
- Taa nyekundu ya oili ikiwaka, simama, zima injini hapo hapo.

Ile filta mbovu haikutupwa. Fundi aliikata, nikaipeleka darasa la sita. Watoto walikunjua ile karatasi, ikapita urefu wa deski! Upande uliobonyea, mikunjo miwili ilikuwa imechanika. Kaka alikuwa amesimama mlangoni, akanitazama tu. Na mimi sikuwa na la kusema.

Kusoma fizikia ni kuzuri, ila fundi naye aulizwe.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.

Mwalimu wenu