Elimu Isiyongoja Kengele

Kijana avuaye dagaa Musoma hukesha ziwani, akapumzika siku za mbalamwezi. Je, huyu akitaka cheti cha Kidato cha Nne aambiwe kwamba wakati umempita?

La hasha. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria ya 1975, hutoa masomo ya sekondari kwa njia ya masafa. Mwanafunzi husoma kwa nafasi yake, humwendea mwalimu anapokwama, na mwaka anapokuwa tayari hufanya Mtihani wa Maarifa, kisha ule wa Kidato cha Nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Bunda kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Kisangwa. Na tangu Novemba 2021 Serikali imewaruhusu hata mabinti waliokatizwa masomo na ujauzito kurejea shuleni.

Wapo wanaoiita njia hii ya walioshindwa. Ajabu! Katika madrasa zetu kila mtoto ana ukurasa wake: mmoja yu Juzuu Amma, mwenziwe amefika Yasini, wala havuki mtu mpaka mwalimu amsikilize. Mbona huko hatuoni aibu?

Kinachowaangusha wengi ni upweke. Asomaye peke yake, nyumba ina kelele na taa hakuna, huacha mapema. Nasi tunafunga vyumba vya madrasa baada ya Isha! Kamati za misikiti Musoma, Bunda na Butiama zivifungue, na walimu wastaafu tunaoswali nao waombwe jioni mbili kwa juma. Mabinti wapangiwe baada ya Alasiri, na wenye watoto waje nao.