Kisoda ni Bure, Mkono Wako si Bure



Kila mwenye cherahani ana mfuko wa vipande vya kanga visivyotosha hata kofia ya mtoto. Na kila shughuli ikimalizika, visoda vinabaki chini vinasubiri fagio. Ukivikutanisha hivi viwili unapata sumaku nzuri ya friji ya kuwauzia wageni Mji Mkongwe. Wengi tunalijua hilo. Mimi leo nataka tuzungumze bei.

Nasikia sana: "Kisoda si cha kuokota tu? Nitauza rahisi." Hapana, shoga yangu. Itazame kazi yenyewe. Unaosha kisoda na kukikausha vizuri, maana kwa hewa yetu ya bahari hakichelewi kushika kutu. Unakata duara la kanga, ua au korosho ije katikati. Unapitisha uzi ukingoni, unatia pamba kidogo, unavuta na kufunga kama unavyovika kifungo kitambaa. Unabandika ndani ya kisoda kwa gundi ya kushika chuma, yale meno 21 yanakuwa fremu yake. Nyuma unaweka sumaku. Hiyo ni kazi ya fundi.

Tuseme sumaku, gundi, pamba na uzi vimekula shilingi 700, na kimoja kimekuchukua robo saa. Ukiuza 1,000 umebaki na 300. Kwa saa nzima ni 1,200. Je, ungekubali mteja akulipe hivyo kwa kushona gauni?

Pita Gizenga uone sumaku zinavyofanana duka hadi duka. Yako haina pacha, kwa sababu kipande kile cha kanga hakijirudii. Chako hapa Unguja wanageuza chupa tupu za mahoteli kuwa taa na glasi, na wageni wananunua. Mgeni halipii takataka, analipia mkono ulioigeuza.

Lakini ukitaka bei ya haki, na wewe fanya haki. Mabaki ya kitambaa cha mteja ni amana mpaka mwenyewe aseme chukua. Muulize, hata kama ni kipande cha vidole viwili. Visoda vya bia vimejaa mahotelini, na hukumu yake tuwaachie masheikh. Mimi nachukua vya soda tu, moyo wangu utulie. Na mnunuzi mwenye watoto wadogo mwambie aziweke juu sana. Mtoto akimeza sumaku mbili huvutana ndani ya utumbo na zinaweza kuutoboa, hapo ni kukimbilia hospitali. Afadhali ukose mauzo kuliko kunyamaza.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa hakuna chakula bora kuliko kile mtu anachokula kwa kazi ya mkono wake, na kwamba Nabii Daud (A.S.) alikula kwa kazi ya mkono wake. Basi kazi iliyopewa heshima hiyo, kwa nini sisi tuione aibu kuitajia bei? Piga hesabu yako, itaje bei kwa adabu, kisha nyamaza. Mgeni akiondoka, mwache aende. Riziki yako haijaondoka naye.

Mwenyezi Mungu atie baraka mikononi mwetu. Amin.