Majina Yasiyochongwa Ujiji

Mimi ni mzaliwa wa Ujiji. Tangu nikiwa mtoto nimepita karibu na mnara wa Livingstone nikienda kwa shangazi, wala sikuwahi kusimama kuusoma. Muhula huu shule ilitupeleka kuutazama, nami nakiri mbele ya walimu wangu kwamba nilikwenda zaidi kwa tamaa ya migebuka ya sokoni.

Mnara ni wa mawe. Umechongwa ramani ya Bara la Afrika, na ndani ya ramani msalaba. Maandishi yaeleza kwamba chini ya mwembe uliosimama pale, Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871. Mwembe wenyewe ulikufa zamani. Iliyopo leo, tuliambiwa, ni mizao yake. Tukatoa madaftari, tukanakili. Ndipo mdogo wetu mmoja wa Kidato cha Kwanza akaniuliza, “Kaka, hawa wazungu wawili walikuwa peke yao?”

Wote tukacheka. Lakini usiku bwenini niliona kwamba sikuwa na jibu, na kesho yake nikaingia maktaba.

Hawakuwa peke yao hata kidogo. Livingstone alikuwa amerudi Ujiji kutoka Manyema, mgonjwa, akakuta bidhaa zake zimeuzwa na yule aliyekabidhiwa. Mtu aliyekimbia kumpa habari kwamba mzungu anakuja ni Susi. Aliyewapikia wageni ni Halima, na Stanley mwenyewe amemwandika. Chuma alikuwapo pia, Myao aliyeokolewa utotoni katika msafara wa watumwa mwaka 1861.

Tarehe 1 Mei 1873 Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Hao hao wenzake walizika moyo wake chini ya mti. Jacob Wainwright, aliyejua kusoma na kuandika, alichonga katika mti ule jina la marehemu, na pamoja nalo majina ya baadhi ya wenzake. Kisha waliukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Wako waliokufa njiani. Livingstone alizikwa London katika Westminster Abbey, na jiwe la kaburi lasema kwamba aliletwa na mikono yenye uaminifu, kupita nchi kavu na bahari. Mikono hiyo ilikuwa ya nani? Jiwe halisemi.

Basi tazameni, wasomaji. Mwafrika aliposhika kisu akachonga, aliwakumbuka wenzake. Waliochonga baadaye, kule Uingereza na hapa kwetu, waliwasahau.

Rafiki yangu mmoja wa bweni letu anapinga. Asema wageni huja Ujiji kwa sababu ya Livingstone, si kwa sababu ya mpishi wake, na kwamba kuongeza majina ni kuharibu ukumbusho wa watu. Sikusema tuuguse mnara. Yule mzee hakuwadhulumu watu wetu. Aliandika juu ya ubaya wa biashara ya utumwa, na jina lake na likae pale. Lakini mtoto wa Ujiji anayenakili majina mawili tu hurudi nyumbani akidhani kwamba katika mji wake mwenyewe watu wake walikuwa watazamaji. Mimi nilidhani hivyo kwa miaka kumi na saba.

Kwa hiyo naomba kwa heshima ubao utundikwe katika ukumbi wa shule yetu, uandikwe Susi, Chuma, Halima na Jacob Wainwright, pamoja na miaka yao, na kila darasa litakalokwenda Ujiji liusome kabla ya kupanda gari. Mninga tumeupata karakana na tumekwisha kuupiga randa. Twangojea ruhusa ya Mwalimu Mkuu, na kopo moja la rangi nyeupe.