Aliyefanya kazi ya usiku asishuke mchana

Kwenye mashimo yetu kuna sifa moja tunayoigawa ovyo: "Huyu njo mwanaume, siku tatu hayalala!" Anasifiwa mbele ya PDG wa shimo, anasifiwa mezani kwenye kanyanga, hata bibi yake anaambiwa amepata mume. Sisi wa sendika tunasema sifa hiyo iachwe. Mtu wa siku tatu bila usingizi ni hatari kwa wenzake walio chini, na anayemrudisha shimoni ana kosa kubwa kuliko yeye.

Wengi wetu tunachukua usingizi sawa kitu cha kupoteza saa. Sivyo. Ndani ya ubongo, nyuma ya macho, kuna fasi ndogo sana inayofanya kazi ya saa. Inasoma mwanga unaoingia machoni. Jua likizama, mwili unatoa kitu kinaitwa melatonini, joto la mwili linashuka pole pole, na kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri nguvu na akili ziko chini kabisa. Namna saa hiyo inavyotembea ndiyo iliwapa Wamarekani watatu zawadi ya Nobel mwaka 2017. Kushuka shimoni usiku hakuigeuzi. Wewe uko kazini, yenyewe inakuambia ulale.

Tena kuna jambo la pili. Tangu unapoamka, ubongo unakusanya kitu kingine, adenosini, sawa vile mfuko wa mchanga unavyojaa beleshi kwa beleshi. Usingizi tu ndio unaoumwaga. Kahawa haimwagi hata kidogo. Inaziba masikio ya ubongo usisikie uzito. Kahawa ikiisha nguvu, mzigo wote bado uko pale, na umeongezeka.

Mwaka 1997 watafiti wa Australia walipima watu waliokesha. Baada ya saa 17 macho wazi, walifanya kazi sawa mtu mwenye nusu gramu ya pombe kwa kila lita ya damu. Kwa kiasi hicho Ufaransa haikuruhusu kuendesha gari. Tuhesabu basi. Aliyeamka saa kumi na mbili asubuhi akaenda shamba, saa tano ya usiku amefika pale, na zamu ya usiku ndiyo kwanza inaanza. Hajaonja tone la kanyanga, lakini mikono na macho ni ya mlevi. Mtu wa namna hiyo anasinzia sekunde mbili tatu, pengine macho wazi, bila yeye mwenyewe kujua. Akiwa kitandani haina neno. Akiwa ndiye anashika kamba ya mwenzake aliye mita 20 chini, sekunde tatu ni mingi.

Mtatuambia: basi alale mchana. Analala wapi? Chini ya mabati yenye joto, watoto wanacheza, radio ya jirani inaimba, na mwanga wenyewe unaambia ubongo "amuka". Usingizi mzuri unaenda kwa mizunguko minne au mitano, kila mmoja karibu saa moja na nusu. Ya kwanza ina usingizi mzito wa kutengeneza mwili, ya mwisho ina ndoto nyingi. Mchana mtu anapata vipande tu. Wamama, tunawaomba: mume aliyerudi alfajiri msimtume shamba. Kitambaa cheusi dirishani na watoto wacheze kwa jirani, hiyo ni dawa ya kweli. Na ninyi wamama mnaoponda mawe mchana na kuamka saa kumi kuwasha moto, deni lenu ni lile lile. Wababa wachote maji.

Juu ya tramadoli tuseme wazi. Ni dawa ya maumivu, ndugu ya morfini. Haileti nguvu, inaficha kuchoka. Ukizidisha inaweza kuleta kifafa, na ikichanganywa na pombe inaweza kusimamisha pumzi. Kanyanga nayo inakuangusha haraka, halafu inakuvunjia usingizi usiku katikati.

Kuna usingizi mwingine ambao si usingizi. Moshi wa motopompe ukishuka shimoni, una gesi isiyo na harufu, monoksidi ya kaboni, inayokamata damu ili isibebe hewa. Mtu anasema "kichwa inaniuma", analegea, anasinzia. Usiseme amechoka. Zima mashine na umwite apande. Akishindwa kupanda, usimfuate mpaka hewa imeingia, juu wengi hufa wakifuata mwenzao. Nyumbani ni vile vile: baridi ya Kpandroma tunaijua, lakini babula ya makaa ndani ya nyumba iliyofungwa imekwisha kulaza watu wasiamke tena.

Sasa wale wanaotaka kulala na usingizi hauji. Hapa Djugu hatuhitaji kuelezana sana. Februari 2022 kambi ya Savo ilishambuliwa usiku, watu zaidi ya 60 wakauawa. Nani, wa jamii yoyote, atalala vizuri akijua adui anakuja gizani? Ubongo unabaki mlangoni kama mlinzi. Mbwa akibweka, mtu amesimama. Huo si uoga, na si ukosefu wa imani. Lakini ikifika usiku tatu kwa juma, miezi mitatu mfululizo, hiyo ni ugonjwa, na mtu aende hospitali badala ya kununua vidonge kwa mtu wa sokoni.

Na jinamizi. Mtu anaamka, anaona kila kitu, lakini hawezi kuinua mkono wala kuita, na anasikia kitu kimemkalia kifuani. Asubuhi jina la mama mzee fulani linatajwa. Wapendwa, wakati wa ndoto ubongo unafunga misuli ili tusipige ngumi kitandani. Safari zingine mtu anaamka kabla ya kufuli kufunguliwa. Inapita kwa sekunde, au dakika chache. Inapata zaidi watu wa usingizi wa kukatikakatika, ndiyo sisi. Tunawaomba wachungaji wetu walisema hili kanisani, juu kuna wazee wanafukuzwa vijijini kwa ajili ya zamu ya usiku.

Anayekoroma mpaka pumzi inakatika, halafu anashituka, naye amwone daktari. Vile vile anayelala mchana na kukesha usiku, na homa haimwishi, hasa kama alichimba porini kule Uele: malale bado yapo, na sasa kuna dawa ya vidonge, feksinidazoli.

Turudi shimoni. Sheria ya kazi ya 2002 inasema saa 9 kwa siku na saa 45 kwa juma. Ni nzuri kwa mwenye kontra. Mchimbaji wa kare hana kontra. Analipwa kwa kugawa. Na hapo ndipo ugonjwa unapoanzia. Kama sehemu inahesabiwa kwa aliyekuwepo mfuko ulipopanda, hakuna atakayeenda kulala, hata tumhubirie mpaka kesho. Kulala ni kupoteza mfuko.

Maoni yetu ni haya: ekipe mbili kwa kila shimo linalofanya kazi usiku, na kugawa kufanywe kwa juma, sehemu sawa, hata mfuko mzuri ukipanda zamu ya wengine. PDG watalia juu ya chakula cha ekipe ya pili. Walie, halafu wahesabu gharama ya matanga moja. Wanaosema shimo litajaa maji tunawajibu kwamba motopompe inahitaji mtu mmoja aliye macho, si watu kumi wanaosinzia.

Kila shimo lina daftari la mifuko. Tunataka safu moja iongezwe: saa ya kushuka na saa ya kupanda, kwa kila jina. Chefu wa ekipe akiona jina lilipanda alfajiri hiyo, halishuki mpaka jua lizame.